Kumbe kalori nilikuwa nazihesabu mara mbili

Jamani miezi miwili nakimbia Raskazone, Tanga, asubuhi siku tatu kwa wiki, jasho linatiririka, na mzani haushuki hata nusu kilo, imeniuma sana kusema kweli. Ndo nikakaa chini na kalamu nikapiga hesabu mwenyewe kwa ile fomula ya Mifflin-St Jeor, ya kukadiria kalori mwili unazotumia kwa siku: uzito wangu kilo 84 mara 10, urefu sentimita 162 mara 6.25, jumlisha, afu toa umri wangu 34 mara 5, na sisi wanawake tunatoa tena 161. Nikapata kama 1,520, hizo ndo mwili unatumia hata ukilala tu kutwa. Kwa mazoezi yangu nazidisha 1.375 inakuja kama 2,090, natoa 500 ili nipungue, nabaki na 1,590 hivi za kula kwa siku.

Sasa kosa langu, yale mazoezi yameshaingia kwenye ile 1.375, mi nikitoka kukimbia naangalia simu inaniambia umechoma 400 basi nazila tena, chapati mbili na chai ya maziwa. Yaani nazirudisha zote!

Na mafuta jamani, kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120, mi nilikuwa namimina tu mpaka vitunguu vinaogelea. Sa hivi napima kwa kijiko, samaki changu namchoma badala ya kukaanga, tui naweka jepesi. Wali sijaacha wala siachi, napakua bakuli moja dogo.

Leo wiki ya tatu, kilo moja na robo imetoka, nimefurahi mpaka nikampigia mama.