Jaime Lannister na moto uliosahauliwa

Nimemaliza tena tamthilia ya Game of Thrones usiku huu, na hasira yangu kwa waandishi wake iko palepale. Nilidhani miaka ingeipoza. Msimu wa nane ulirushwa Aprili na Mei 2019, na karibu kila mtu niliyekuwa nikibishana naye wakati ule ameshahamia tamthilia nyingine. Mimi bado niko na Jaime Lannister. (Kama hujaitazama na unapanga kuitazama, ishia hapa. Nitasema kila kitu mpaka mwisho.)

Wanaolalamikia mwisho ule wengi humtaja Daenerys, malkia mwenye majoka, kwanza, na nawaelewa. Lakini kwake mbegu zilipandwa mapema: msimu wa nne aliwatundika mabwana 163 wa mji wa Meereen, msimu wa saba akawachoma kwa moto wa joka Randyll Tarly na mwanawe. Kilichokosekana ni muda wa katikati, ile safari ya kutoka kwenye ukali hadi kwenye kuteketeza mji. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, wa saba ukapewa saba, wa nane ukapewa sita. Haraka hiyo inaonekana, na inamuumiza. Kwa Jaime sikubali kisingizio cha haraka. Kila kilichohitajika kumwandikia mwisho wenye maana kilikuwa kimeshaandaliwa, tena na tamthilia yenyewe, na kwa miaka.

Tunakutana naye sehemu ya kwanza kabisa, 2011, akimsukuma mtoto kutoka dirishani juu ya mnara kwa sababu mtoto huyo amemkuta na dada yake pacha, Cersei. Nilimchukia papo hapo, na ndivyo tulivyotakiwa. Kila anayemwona anamwita muuaji wa mfalme, kwa sababu alikuwa mlinzi aliyeapa kumlinda Mfalme Aerys, kisha akamchoma upanga mgongoni. Misimu miwili mizima jina hilo linamfuata kama harufu, na yeye anatabasamu tu.

Halafu msimu wa tatu anakatwa mkono wa kulia, mkono wa upanga, ambao ndio uliokuwa umembeba maishani. Na katika sehemu ya tano ya msimu huo anaingia kwenye bafu la ngome ya Harrenhal, homa imemshika, kidonda kinaoza, mbele yake yuko Brienne wa Tarth, mwanamke mpiganaji ambaye hamwamini hata kidogo. Hapo anasema. Aerys alikuwa ameficha moto wa kijani, kimiminika kinacholipuka kikiwashwa, chini ya mji mkuu, King's Landing: chini ya hekalu la Baelor, chini ya nyumba na mabanda ya farasi, chini ya vibanda vya maskini, hata chini ya ngome yake mwenyewe. Adui alipofika malangoni mfalme akaamuru wote wachomwe. Jaime alimuua kwanza mtaalamu wa moto, kisha akamuua mfalme. Aliokoa mji mzima, na Ned Stark, bwana wa kaskazini, alipoingia na kumkuta pale akaamua kwa jicho moja tu kwamba ana hatia. Kuanzia siku hiyo Jaime akafunga mdomo.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya tamthilia. Nikolaj Coster-Waldau, anayemwigiza Jaime, anaanza kwa kiburi, sauti ikipanda, kisha maneno yanamzidi nguvu. Anapoanguka majini Brienne anaita msaada, na anamwita kwa lile jina la aibu. Yeye anajibu kwa pumzi iliyobaki kwamba jina lake ni Jaime. Hakuna aliyemwongopea mtazamaji kabla ya hapo. Ukirudi nyuma unaona kila tabasamu la dharau lilikuwa linafunika nini. Huo ndio usawiri wa mhusika ninaoupenda: jambo jipya linafunuliwa, na badala ya kuyafuta yaliyotangulia linayapa uzito.

Naomba mtu asidhani kwamba nilitaka Jaime awe malaika baada ya bafu. Sikutaka. Msimu wa nne wenyewe ulijichanganya vibaya. Kuna tukio ndani ya hekalu, kando ya maiti ya Joffrey, mtoto wao, ambapo Jaime anamlazimisha Cersei, na wiki moja baadaye tunaonyeshwa mtu mpole anayempa Brienne upanga na kumtuma akamtafute Sansa, binti wa Ned Stark, kana kwamba lile halikutokea. Nilipaswa kushtuka zaidi wakati ule. Halafu msimu wa tano ukampeleka Dorne kwa safari ambayo haikumwongezea chochote ila dakika chache za mwisho, binti yake Myrcella anapokufa mikononi mwake. Nayapita hayo kwa sababu mhusika anaweza kuvumilia hadithi dhaifu pembeni, mradi lile lililomfanya awe yeye halijaguswa.

Lililomfanya Jaime awe yeye ni ule moto.

Ndiyo maana mwisho wa msimu wa sita ulinisimamisha wima. Cersei anawasha moto wa kijani chini ya hekalu la Baelor. Moto uleule! Akiba ileile ya Aerys, chini ya jengo lilelile alilolitaja bafuni. Hekalu linalipuka na kila aliyemo, na mitaa ya jirani inafukiwa. Jaime anarudi kutoka vitani, anauona mji ukifuka moshi, anaingia ukumbini, anamwona dada yake akivishwa taji. Wanatazamana. Kamera inakaa usoni mwake na mimi nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu: sasa. Mtu aliyemuua mfalme ili moto huu usiwake anamtazama mwanamke anayempenda, naye ndiye aliyeuwasha. Huwezi kumpa mwandishi zawadi kubwa kuliko hiyo.

Msimu wa saba unafunguliwa, wako wawili tu, wamesimama juu ya ramani iliyochorwa sakafuni. Wanazungumzia maadui. Wanazungumzia washirika. Jaime anataka wamzungumzie Tommen, mtoto wao aliyejirusha dirishani kwa sababu ya mlipuko huo. Moto wenyewe, na maana yake kwake yeye hasa, unapitwa. Hamuulizi. Hamtazami hata kwa namna ya kumtofautisha na Aerys. Anakwenda kumpigania vita. Mwisho wa msimu anamwacha, lakini sababu ni kwamba Cersei amevunja ahadi ya kupeleka jeshi kaskazini. Ni sababu nzuri, sikatai. Ila ile kubwa kuliko zote ilikuwa imeshaachwa ikajifia.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawa waliyavulia nguo msimu wa tatu, wakasimama ukingoni, kisha wakavaa wakaondoka.

Msimu wa nane, sehemu ya pili, bado nilikuwa na matumaini. Jaime, aliyefika peke yake Winterfell, ngome ya kaskazini, anasimama mbele ya watu aliowaumiza, anaomba nafasi ya kupigana chini ya amri ya Brienne. Usiku ule, kabla ya vita dhidi ya jeshi la wafu, anampa Brienne daraja la Ser, heshima ambayo mila zao haziwapi wanawake. Uso wa Gwendoline Christie, anayemwigiza Brienne, anapoinuka kutoka sakafuni unastahili kila sifa iliyowahi kutolewa. Mwandishi wa sehemu hiyo ni Bryan Cogman, yuleyule aliyeandika sehemu ya bafu. Nilipoona hilo nilielewa kwa nini watu wawili hawa walisikika tena kama wenyewe. Alikuwapo mtu aliyekumbuka walichoambiana.

Kisha sehemu ya nne. Jaime na Brienne wanalala pamoja, habari zinafika kutoka kusini, naye anatandika farasi usiku. Brienne analia uani akimsihi abaki. Jaime anamhesabia dhambi zake: mtoto aliyemsukuma, binamu aliyemnyonga kwa mikono yake, watu wa Riverrun ambao angewaua wote kwa ajili ya Cersei. Anasema Cersei ni mtu wa chuki, na yeye pia.

Dada yangu mkubwa, ambaye tulikuwa tukitazama naye, aliona tukio hilo ndilo lenye ukweli kuliko yote. Mdogo wangu, aliniambia, watu hurudi kwenye kinachowaua. Unawajua na mimi nawajua. Nilimkubalia na bado namkubalia. Tukio lile peke yake lina nguvu. Mtu anayejichukia anaweza kukataa maisha mazuri aliyopewa kwa sababu anaona hayamstahili. Hesabu aliyoitoa ilikuwa ya upande mmoja, na mtu anayejichukia ndivyo anavyohesabu. Nilisubiri mtu amkumbushe upande wa pili. Brienne ndiye tuliyemwona akiambiwa siri ile. Angeweza kusema neno moja tu kuhusu moto, na Jaime bado angeondoka, na ningelia kwa miezi. Hakuandikiwa neno hilo. Aliandikiwa machozi.

Sehemu ya tano inanivunja. Jaime amekamatwa na jeshi la Daenerys, mdogo wake Tyrion anakuja kumfungua, anamwomba amshawishi Cersei asalimu amri ili watu wasio na hatia wasife. Jaime anajibu kwamba, kusema kweli, hajawahi kuwajali sana, wawe na hatia au wasiwe nayo.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Katika sehemu moja iliyotangulia alikuwa anaondoka kwa sababu ni mwovu mno. Sasa anaondoka kwa sababu watu hawana maana kwake na hawakuwahi kuwa nayo. Hizo ni sababu mbili tofauti za watu wawili tofauti. Ya kwanza inatoka kwenye kidonda chake. Ya pili inalifuta bafu. Kama hakuwahi kuwajali watu wa King's Landing, basi kwa nini alimuua Aerys? Kwa nini alibeba jina la aibu nusu ya maisha yake? Angekuwa anamdanganya Tyrion ili aachiwe haraka, ningeona badiliko la uso, pumzi, jicho, chochote. Muigizaji huyu anaweza kuonyesha uongo kwa kope tu. Hakupewa nafasi hiyo.

Na linaloniuma zaidi ya kauli yenyewe ni siku iliyoandikiwa. Siku hiyohiyo Daenerys wa ukoo wa Targaryen, binti wa Aerys, anauchoma mji uleule. Kati ya miali ya joka tunaona milipuko ya kijani ikitoka ardhini: akiba za baba yake, zilizobaki miaka yote hiyo, zinashika moto. Alichokizuia Jaime ujanani kinatimia juu ya kichwa chake akiwa anapita katika mitaa hiyo. Anafanya nini? Anapigana ufukweni na Euron Greyjoy, mtu ambaye hadithi yake haina lolote la kumwambia. Anachomwa kisu, anajikokota hadi kwa Cersei, wanafukiwa na mawe wakiwa wamekumbatiana, akimwambia hakuna kingine chenye maana ila wao wawili. Moto wa kijani uko nje ya ukuta. Hautajwi.

Nimeshasikia kwamba vitabu vya George R. R. Martin havijakamilika, kwa hiyo waandishi wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, hawakuwa na ramani. Lakini katika kitabu cha nne, kilichotoka 2005, Cersei anamwandikia Jaime barua ya kumsihi aje kumtetea, naye anaamuru itupwe motoni. Ramani ya mtu huyu ilikuwapo hadi mbali. Walichagua njia nyingine, na wana haki hiyo. Ninachodai ni kwamba njia yoyote waliyoichagua, Jaime angeipita akiwa na kumbukumbu zake. Afe na Cersei, sawa. Amuue, sawa. Afike amechelewa, aone kijani kikipanda angani, aelewe kwamba alichokinunua kwa heshima yake yote kilikuwa ni miaka michache tu, kisha ndipo aamue kwenda kufa na dada yake kwa sababu hakuna kilichobaki. Hiyo ingekuwa huzuni isiyovumilika, na ingegharimu dakika mbili.

Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Mimi sikutia. Watu walioshona mavazi, waliojenga ngome, walioigiza usiku baada ya usiku kwenye baridi hawakunikosea, na kazi yao sitaki ifutwe.

Katika sehemu ya mwisho kabisa Brienne anafungua kitabu cha kumbukumbu za walinzi wa mfalme na kuujaza ukurasa wa Jaime. Anaandika kwamba alipoteza mkono. Anaandika kwamba alikwenda kaskazini peke yake kupigania walio hai. Kisha anaandika kwamba alitoroka kifungoni akaelekea kusini akijaribu kuuokoa mji mkuu usiangamizwe, na akafa akimlinda malkia wake. Nimesimamisha picha hapo nikausoma mstari ule wa mji mkuu polepole. Sisi tulimsikia Jaime kwa masikio yetu akisema watu wa mji ule si kitu kwake. Aliyeandika ukurasa huo anamwamini mtu wa bafuni, na anamwandikia safari ambayo tamthilia haikumpa. Kama mtu fulani katika chumba kile cha waandishi aliweza kuutunga mstari huo kwa ajili ya kalamu ya Brienne, basi walijua. Walijua Jaime alipaswa kwenda kusini kufanya nini, na hawakumwandikia afanye.