Siku moja na aksoni zinazotoka jichoni kwenda ubongoni

Saa 2 asubuhi. Naanza na mayai ya jana. Viinitete vya samaki pundamilia vikitunzwa kwenye nyuzi joto 28.5 havimsubiri mtu: vikifikisha umri wa saa 24 hivi, rangi nyeusi huanza kuziba jicho. Kwa hiyo PTU, dawa inayozuia rangi hiyo, inaingia sasa, miligramu 30 kwa lita ya maji. Isizidi, kwani ikiwa nyingi hudumaza jicho lenyewe.

Saa 3. Taa za chumba cha samaki zinawaka, vizuizi kati ya madume na majike vinatolewa, mayai yanadondoka. Yasiyorutubishwa tunayaondoa mapema, yakioza huua mengine. Kundi la juzi nalo limetimiza saa 48: ncha za kwanza za aksoni, yaani nyuzi ndefu za seli za neva, ndiyo kwanza zinagusa tektamu, sehemu ya ubongo inayopokea habari za jicho.

Saa 5. Mabuu wa siku 5, waliolazwa usiku kucha katika paraformaldehaidi ya asilimia 4, kemikali ya kuhifadhi tishu. Toa lenzi, kisha kwa sindano nyembamba ya kioo dunga rangi mbili zinazong'aa, DiI upande wa pua wa retina na DiO upande wa panja. Tone liwe dogo mno. Likizidi, rangi husambaa retina nzima na hutasoma chochote. Methanoli na sabuni zikae mbali: rangi hizi hushika mafuta ya utando wa seli, na vitu hivyo huziondoa. Zinahitaji hadi kesho kusafiri aksoni nzima.

Saa 8 mchana. Picha za waliodungwa jana, na hapa sichoki kutazama. Aksoni zote zimevuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Za upande wa pua zimeishia nyuma ya tektamu, za upande wa panja zimeishia mbele. Mwanasayansi wa neva Roger Sperry aliligeuza jicho la amfibia nyuzi 180, neva ikaota upya, na mnyama akawa analenga mawindo upande usio sahihi siku zote. Mwaka 1963 akaeleza kwamba kila aksoni hubeba alama ya kikemikali. Leo alama hizo tunazijua. Protini ya efrini-A huongezeka kuelekea nyuma ya tektamu, na aksoni za panja, zenye vipokezi vyake vingi, viitwavyo EphA, hufukuzwa nayo mapema. Za pua zina vichache, hivyo husonga mbele zaidi. Hata ukizima mapigo ya umeme kwa sumu ya tetrodotoksini, mpangilio huu mkubwa hutokea. Matawi ndiyo hubaki mapana kupita kiasi.

Saa 11 jioni. Samaki wasio na robo2 inayofanya kazi, jeni ya kipokezi cha protini iitwayo Slit. Aksoni zao hupotea njia, kwani haziisikii Slit inayozizuia kutangatanga.

Saa 3 usiku. Mayai ya jana yana saa 36, aksoni za kwanza zimeanza kutoka jichoni. Vua ganda, laza kiinitete kwa dawa ya usingizi, trikeni, miligramu 160 kwa lita, pH ikiwa imesawazishwa hadi 7, kisha kifunike kwa agarosi (jeli ya kukishikilia) ya asilimia 1 iliyopoa hadi nyuzi 38. Ikiwa moto zaidi inaua. Picha kila dakika 10, leza ikiwa hafifu kadiri inavyowezekana: ikizidi, ncha za aksoni husimama, na ukaja kulaumu jeni.