Kenrokuen, bustani inayofungwa kamba

Mwezi wa 11 mwanzoni ndo nikaenda Kanazawa. Wageni wengi Japani wanaishia Tokyo na Kyoto basi, wakati treni ya kasi ya shinkansen inafika huko tangu 2015, kutoka Tokyo masaa mawili na nusu hivi, unasinzia kidogo ushafika. Nikapokelewa na mvua. Wenyeji wana usemi wao kwamba bora usahau chakula cha mchana kuliko mwavuli, na hawatanii.

Kenrokuen ipo jirani kabisa na ngome ya mji, walioitengeneza ni ukoo wa Maeda waliokuwa watawala wa eneo hili, enzi hizo likiitwa Kaga, kila kizazi kinaongeza dimbwi hapa kilima pale mpaka ikazidi hekta 11, raia wa kawaida wakaja kufunguliwa rasmi 1874. Wajapani wanaiweka kwenye zile bustani zao 3 bora, pamoja na Korakuen ya Okayama na Kairakuen ya Mito.

Ukiingia utakuta watu wamejazana kwenye taa ya mawe ya Kotoji pale kando ya bwawa la Kasumigaike, ile yenye mguu mmoja kwenye maji na mwingine mfupi umekanyaga jiwe. Kila mtu anataka picha. Ni nzuri sikatai, ila mi macho yangu yalikuwa juu, kwa mafundi waliopanda kwenye msonobari wa Karasaki.

Aisee. Kila tarehe 1 Novemba wanaanza kufunga miti kamba na huo ndo wa kwanza. Wanasimamisha milingoti katikati ya mti, fundi anakaa kileleni kabisa anaachia kamba za majani ya mpunga moja moja, wenzake chini wanazidaka na kuzifunga kwenye matawi, kamba mamia kwa mti mmoja, ukimaliza kuangalia mti umekuwa kama mwavuli mkubwa usio na kitambaa. Sababu ni theluji ya huku, inakuja na unyevu wa Bahari ya Japani, nzito, tawi lisiposhikiliwa linavunjika. Machi wanafungua zote, Novemba wanaanza tena. Nilisimama pale hadi shingo ikauma.

Baada ya hapo nikawa kila kitu nakitazama nikiuliza nani kakifanya. Kuna msonobari mizizi yote iko nje juu ya ardhi, nikadhani mmomonyoko, kumbe waliupanda kwenye kichuguu cha udongo halafu ulipokua wakautoa udongo makusudi! Chemchemi inayorusha maji juu nayo ni ya 1861, haina pampu, maji ya Kasumigaike yapo juu zaidi kwahiyo yanajisukuma yenyewe, bwawa likipungua na chemchemi inashuka. Na hayo maji yanatoka kwenye mfereji wa Tatsumi uliochimbwa 1632 kupeleka maji kwenye ngome. Halafu mtu anakwambia kaja kuona "asili".

Kuna na akina mama wameinama wanang'oa magugu kwenye moss, vile vimea vifupi vilivyotanda kama zulia la kijani chini ya miti, kwa mikono, taratibuuu, na hakuna anayewapiga picha.

Nilipoenda kiingilio kilikuwa yen mia tatu na kitu, bei ya soda na biskuti tu. Ukipata nafasi nenda kati ya Desemba mwishoni na Machi mwanzoni, kamba zote zikiwa juu, ila vaa viatu visivyopitisha maji.