Gitaa Safi, Waimbaji Wasiopatana

Jumanne usiku

Wiki hii yote masikio yangu yako Los Angeles. Bendi yenyewe inaitwa X, ya panki, ile roki ya kasi na makelele. Herufi moja, basi, na ukijaribu kuitafuta kwenye simu utaletewa kila takataka ya dunia kabla ya kuletewa wao. Siku hizi ndiyo usiseme, kwa vile kuna mtandao mzima uliojitwalia jina hilohilo. Bendi ilianza 1977 na waliojulikana nayo ni wanne: John Doe wa besi, Exene Cervenka anayeimba naye, Billy Zoom wa gitaa na DJ Bonebrake wa dramu. Wanne haohao ndio waliotoa albamu yao ya mwisho mwaka 2024. Katikati ya hapo kuna ndoa, msiba, talaka, kuondoka, kurudi na maradhi.

Kilichonishika kwanza ni gitaa. Mimi ni fundi wa amplifaya, kazi yangu ni kusikiliza kilichoharibika, kwa hiyo panki nyingi hunichosha mapema. Gitaa limesukumwa hadi noti zimevurugana na huwezi kujua kama mpigaji anaelewa anachokifanya au anabahatisha tu. Kwa Billy Zoom kila noti inasikika ilipoanzia na ilipoishia. Anachopiga ni mambo ya miaka ya 1950, yale ya Chuck Berry na ya vijana wa rokabili waliochanganya kantri ya wazungu na bluzi ya weusi kule Memphis, ila anayapiga kwa kasi ya kumkimbiza mtu. Sikiliza "Johny Hit and Run Paulene" kwenye albamu ya kwanza. Ukiipunguza mwendo ule wimbo, babu yako angeucheza.

Na hakuyaokota barabarani. Alizaliwa 1948, mkubwa kuliko wenzake, na kabla ya X alishapiga gitaa na Gene Vincent mwenyewe, yule wa "Be-Bop-A-Lula". Alikuwa na bendi yake ya rokabili. Kisha akawaona Ramones, bendi ya panki ya New York, jukwaani, akaona kwamba hawa watoto kwa nyimbo zao fupifupi wanafanya kitu kilekile alichokipenda, bila mapambo. Akaweka tangazo kwenye gazeti la matangazo madogomadogo, The Recycler, akitafuta wanamuziki. John Doe, aliyekuwa ametoka Baltimore mwaka mmoja nyuma, naye alikuwa ameweka la kwake wiki hiyohiyo. Kila mmoja akaona la mwenzake. Exene yeye alipatikana kwenye darasa la ushairi, Beyond Baroque, mtaa wa Venice, hukohuko Los Angeles. Hakuwa mwimbaji. John alipenda mashairi yake akataka kuyaimba, Exene akasema kama ni yangu nitayaimba mwenyewe. Nampenda kwa hilo.

Kuna video nyingi za miaka ile ambapo unamwona Billy vizuri. Amepanua miguu, nywele za rangi ya dhahabu zimechanwa kwa mafuta, gitaa lake aina ya Gretsch linameremeta fedha tupu. Ukumbi unachemka, watu wanagongana, kuna anayerushwa juu ya vichwa vya wenzake, John Doe jasho linamtiririka mpaka kwenye nyuzi. Billy anatabasamu. Hatazami vidole vyake hata mara moja. Anamchagua mtu mmoja wa mstari wa mbele, anamkazia macho bila kupepesa, na lile tabasamu halimtoki, huku mkono wa kushoto ukipanda na kushuka kana kwamba ni wa mtu mwingine. Niliirudia sehemu moja nikiangalia mkono wa kulia peke yake. Hautumii nguvu. Kifundo cha mkono kimelegea, kijiti cha kupigia nyuzi kinagusa tu, na ule ukali wote unatoka hapo. Vijana wanaoniletea amplifaya zilizoungua wangekitazama kile kifundo kwanza kabla ya kuzungusha vitufe vyote mpaka mwisho.

Halafu nikagundua kwamba naye ni fundi. Kweli kabisa, amekuwa akitengeneza amplifaya za watu huko Orange, California, kuzirekebisha na kuziunda. Hapo nikamwelewa zaidi. Mtu anayejua umeme unapita wapi ndani ya sanduku lake hana haja ya kuliumiza ili litoe sauti.

Alhamisi

Nimeulizwa, nikiwa na chuma cha kulehemu mkononi, Mkenya mzima anatafuta nini kwa wazungu wa panki. Jibu ni mama yangu. Kila Jumapili baada ya kanisa ilikuwa ni Jim Reeves, na nadhani nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa hivyohivyo. Mtu alikufa 1964 kwa ajali ya ndege karibu na Nashville lakini huku kwetu redio haikuwahi kumzika. Kantri ni muziki wetu, atake asitake mtu. Muulize Sir Elvis, Elvis Otieno, anayejaza watu Nairobi kwa kofia na gitaa. Kwa hiyo niliposikia X, nilisikia kwanza kitu ninachokijua, halafu ndipo nikasikia kelele.

Wenyewe hawakuficha. Kwenye miaka ya 80 John, Exene na DJ walijiunga na Dave Alvin wa bendi ya Blasters, na Jonny Ray Bartel kwenye besi kubwa ya kusimama, wakajiita Knitters. Albamu yao ya 1985 ni kantri na nyimbo za zamani, wazi bila kuona haya. Wameimba "Silver Wings" ya Merle Haggard, mwimbaji wa kantri. Wameimba "Rock Island Line" iliyojulikana kupitia Leadbelly, mwimbaji wa zamani wa bluzi. Hii ilitoka wakati ambapo kijana wa panki kukiri kwamba anapenda Merle Haggard ilikuwa ni kujitafutia kuchekwa. Siku hizi bendi za kuchanganya kantri na panki ziko tele na zina jina lao na matamasha yao. Wakati ule ilikuwa ni watu wachache wa Los Angeles wanaotembeleana nyumbani na gitaa.

Kuhusu sauti za John na Exene. Nimekulia kwenye kwaya, najua sauti ya pili inakaa wapi. Exene hakai hapo. Anaanza karibu na noti ya John, wanapanda pamoja, halafu mahali ambapo sikio linangoja wakutane yeye anabaki pembeni, juu kidogo au chini kidogo, anaimaliza sentensi huko na wala hana wasiwasi. Mwalimu wangu wa kwaya angegonga meza. Mwanzoni nilidhani hajui tu, na pengine mwanzoni ni kweli hakujua, maana hakufundishwa. Lakini ukisikiliza albamu ya pili, Wild Gift ya 1981, unakuta wanarudi palepale kila mara, pengo lilelile, kwa makusudi. John ana sauti ya mwimbaji wa kantri, nzito na ya kubembeleza. Bila Exene angekuwa mzuri na angesahaulika. Mke (walioana 1980) anamkatalia mume mbele ya watu, katika wimbo uleule, na wote wawili ndio wanasema kweli.

Kuna wimbo mmoja lazima niuseme. "Los Angeles", uliobeba jina la albamu ya kwanza, ni kuhusu mwanamke anayeuhama mji baada ya kuanza kuchukia kila mtu, na chuki hiyo imetajwa kwa majina yake, likiwemo lile tusi la watu weusi. Ni mhusika anayechukia, wala wimbo haumsifu. Nimeelewa. Lakini kuelewa hakunifanyi niimbe ule mstari nikiwa peke yangu karakana, na nadhani waandishi wanaoupitia haraka kwa kusema "ni mhusika tu" hawajawahi kuitwa vile. Wimbo ni mkali sana na gitaa lake halina mfano. Mimi huo nausikiliza mara chache.

Ijumaa usiku, umeme umerudi

Leo nilikuwa na Under the Big Black Sun, ya 1982. Hii ni ya tatu na ya kwanza kwao kwenye kampuni kubwa, Elektra. Mbili za mwanzo zilitoka kwa Slash, lebo ndogo ya hapohapo Los Angeles iliyozaliwa na jarida la panki lenye jina hilohilo, na zote tatu zilitayarishwa na Ray Manzarek, mpiga kinanda wa bendi ya Doors. Ya kwanza ni nyimbo tisa, haifiki nusu saa.

Sikujua habari ya dada yake Exene nilipoisikiliza mara ya kwanza. Aliitwa Mirielle. Mwaka 1980, albamu ya kwanza ikiwa ndiyo inatoka, alikufa kwa ajali ya gari akienda kwenye onyesho la bendi ya mdogo wake, kwenye klabu ya Whisky a Go Go. Bendi ilipanda jukwaani usiku uleule. Sijui ningefanya nini, ila kwetu watu wangeshangaa, na pengine kwao pia walishangaa. Miaka miwili baadaye ndiyo wakaimba. "Riding with Mary" ni ya gari. "Come Back to Me" ni polepole, ya mtindo wa vijana wa miaka ya 50 kucheza taratibu wawili wawili, na kwenye rekodi Billy amepiga saksafoni. Exene analia bila kulia, anataja mambo ya kawaida ya nyumba yenye msiba. Hapa ndipo niliona faida ya wao kujua muziki wa zamani. Panki pekee isingekuwa na pa kuuweka msiba ule, ingepiga makelele tu. Kantri imekuwa ikizika watu tangu ianze.

Sasa ubaya. Mwaka 1985 walitaka kusikika redioni, na wakapelekwa kwa Michael Wagener, prodyuza aliyezoea bendi za metali. Albamu inaitwa Ain't Love Grand. Naijua kazi ile kwa jicho la fundi: dramu zimepanuliwa hadi zimejaza chumba kizima, gitaa limepakwa mwangwi, na sauti mbili zimesuguliwa na kusogezwa mpaka zinakaribia kukubaliana. Ni kuosha samaki wa kukaanga kwa sabuni ili asinuke. Nyimbo zenyewe si mbaya, "Burning House of Love" ni wimbo hasa, lakini kila kilichokuwa chao kimetolewa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka uleule John na Exene wakaachana. Mwaka uliofuata Billy akaondoka. Dave Alvin akaingia kwa muda na akawaachia "4th of July", ulio kwenye albamu ya 1987, na huo nautetea mbele ya yeyote, hata kama hauna Billy.

Billy alirudi 1998. Wakaendelea kupiga nyimbo za zamani miaka na miaka, bila albamu. Aliugua saratani, akapona, ikaja nyingine ya kibofu 2015, akapona tena. Siku hizi anapiga akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, na tabasamu ni lile. Aprili 2020, dunia imefungwa na korona, wakatoa Alphabetland kupitia Fat Possum, lebo huru ya Mississippi. Wanne wale wa asili, albamu ya kwanza pamoja tangu ile ya 1985. Halafu Agosti 2024 ikaja Smoke & Fiction, na wakasema wenyewe ndiyo ya mwisho. Zote mbili ni fupi, hazifiki nusu saa, kama ya kwanza.

Nilizisikiliza zote mbili mfululizo nikitafuta uzee. Upo kwenye koo la John, limechakaa, na limempendeza. Kwa Exene haupo. Bado anakataa kukaa kwenye noti yake, karibu miaka arobaini tangu talaka, bado anamalizia sentensi pembeni ya mwanaume yuleyule. Watu wengi ninaowajua walioachana hawawezi hata kukaa meza moja harusini. Hawa wamepanda gari moja la ziara, wamekula hoteli moja, wamesimama futi chache kila mmoja na kipaza sauti chake, na usiku kwa usiku wameimba nyimbo walizotunga wakiwa mume na mke. Sijui kama ni mapenzi au ni kazi. Mtu aliyefanya kazi na mwenzake muda mrefu atakwambia ule mpaka kati ya viwili hivyo hufika mahali ukawa hauonekani.

Kama unataka kuanza, usianze na Los Angeles ingawa kila orodha itakwambia hivyo. Anza na Wild Gift, kwa sauti ya kawaida, kwenye spika na si kwenye simu, maana spika ya simu inammeza DJ Bonebrake na bila yeye hutajua kwa nini miguu inacheza. Ukimaliza nenda kwa Knitters. Los Angeles iwe ya tatu. Wenye kubisha najua mpo, na najua mtaniambia Manzarek na kinanda chake kwenye "The World's a Mess, It's in My Kiss". Nakubali kinanda. Mengine tubishane tu.