Kurudi Ni Kupanda

Jumapili jioni, Kiamunyi, Nakuru

Ijumaa alasiri, nilipotoka jikoni kuaga, nilikuta mama mkwe ameshajaza buti. Mkungu wa ndizi umelazwa ubavu, kikonyo bado kinatoa utomvu. Kando yake gunia la mahindi, kama debe mbili hivi, viazi vitamu vyenye udongo mbichi, karanga ndani ya mfuko wa unga, na majogoo wawili waliofungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Baba watoto amesimama kimya, anatazama. Nilijua anapiga hesabu ya mlima wa Kericho.

Mama naye alimsoma. "Kwani hili gari lenu la stima halibebi?"

"Linabeba, Mama," nikamjibu. "Tuwekee tu."

Moyoni sikuwa na hakika. Hii ndiyo mara ya kwanza tumekwenda Luanda, kule Vihiga, kwa sikukuu bila kuwa na tone la petroli nyumbani kwetu, na nataka kuiandika kabla vitu havijachanganyika kichwani.

Gari la kwanza la umeme liliingia hapa mapema 2024. Nissan Leaf kuukuu kutoka Japani, la kunipeleka kazini na watoto shuleni. Dashibodi iliandikwa Kijapani kitupu, na ile ngazi ya vijipau 12 inayoonyesha afya ya betri ilikuwa imebaki na 11. Kwa mizunguko ya mjini halijawahi kunisumbua. Kiamunyi hadi mjini, mjini hadi Lanet na kurudi ni kilomita 45 kwa siku. Usiku nachomeka, asubuhi limejaa.

Kilichotusumbua ni nyumba. Wiki ya tatu, saa nane usiku, niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilikimbilia sebuleni, kwenye soketi ya kawaida tuliyokuwa tunachomeka chaja kupitia dirishani. Uso wake mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na nilipoigusa plagi niliurudisha mkono haraka. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Nilizima kila kitu kwenye mita nikakaa gizani nikitetemeka.

Kesho yake fundi wa stima aliifungua mbele yetu. Skrubu moja haikuwa imekazwa tangu nyumba ijengwe, na waya ulioshikwa nayo ulikuwa mweusi kama mkaa. Akatueleza vizuri: birika la chai linavuta umeme mwingi kwa dakika tano, kisha linapumzika. Gari linavuta kwa saa kumi bila kupumzika, kwa hiyo udhaifu wowote ulio ukutani litaufichua. Akavuta waya mnene peke yake kutoka kwenye mita, akauwekea swichi yake ya kujikata, akachimbia chuma kipya cha athi, cha kupeleka umeme uliovuja ardhini, nyuma ya tangi la maji. Gharama ilituuma. Lakini kila anayeniuliza habari za magari haya, nyaya ndizo ninazomwambia kwanza, kabla ya bei na kabla ya betri. Mwite fundi kwanza.

Kuhusu pesa sitakaa sana. Zile kilomita 45 zilikuwa zinakula lita nne za petroli, zaidi ya shilingi 700 kila siku ya kazi, na tarehe 14 ya kila mwezi tulikuwa tunangoja tangazo la bei mpya kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Sasa zinakula kama yuniti 8 za umeme, yaani kilowati-saa 8. Ila mjue kwamba tokeni za stima nazo zilibadilika: nyumba ikivuka yuniti 100 kwa mwezi inapanda daraja la bei, na elfu moja iliyokuwa ikitupa yuniti 40 hivi sasa inatupa kama 33, kwa taa na friji pia. Hata hivyo tunabaki na kitu.

Kinachonigusa zaidi ya pesa ni mahali umeme wenyewe unapotoka. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini unatoa kama asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Olkaria iko Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii. Tuliwapeleka watoto mbuga ya Hell's Gate, wakayaona mabomba makubwa ya rangi ya fedha yakipanda na kushuka vilimani na mvuke mweupe ukitoka. Kitinda mimba wangu aliuliza kama mvuke unalala usiku. Haulali. Watu wanalala, wanazima taa, na mvuke unaendelea kupanda vilevile. Nikichomeka gari saa tano usiku nalikumbuka swali hilo, na nafurahi kwamba petroli iliyosafiri baharini siihitaji tena kumfikisha mtoto shule.

Fundi wetu wa gereji, pale mtaa wa Shabab, namfikiria mara nyingi. Ametushika mkono miaka tisa. Gari hili halina oili ya injini, halina plagi za kuwasha moto, halina ekzosi. Nilipompelekea mara ya kwanza alifungua boneti akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mimi nitashika wapi, Mwalimu?" Kuna breki, kuna shokamzoba, kuna magurudumu. Ni kweli, lakini ni kazi ndogo kuliko aliyokuwa nayo, na kijana wake amefika kidato cha tatu. Sina jibu la swali lake. Nimempa namba ya yule fundi wa stima.

Gari la pili ndilo lililotuchukua mwaka mzima kuamua. Toyota Probox yetu ya petroli ilikuwa ya safari ndefu, matanga na harusi na hospitali usiku. Baba watoto alikuwa na hoja moja na hakuiachia: stima ikipotea? Sote tunaukumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Nilimkumbusha kwamba hata pampu ya petroli inasukumwa na umeme, na pasipo jenereta mwenye gari la petroli naye anasimama pale pale. Hakukubali siku hiyo. Alikubali tulipowekeana sharti: hakuna gari linalolala chini ya asilimia 40 ya chaji, hata kama kesho hatuendi popote. Agosti iliyopita Probox ikauzwa, tukanunua Leaf la 2018 lenye betri ya kilowati-saa 40.

Kwenda kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Tulitoka Nakuru tukiwa na asilimia 100, Mau Summit tukawa na 61, Kericho 47. Kutoka Kericho barabara inateremka kuelekea Awasi, na hapo gari hili linafanya kitu ambacho bado nakistaajabia. Ukiondoa mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inalishika gari lisikimbie bondeni na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri. Watoto walikuwa wanaisoma namba kwa sauti. Kuna kilomita ambazo haikushuka kabisa, na mara mbili ilipanda. Kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero walikuwa bado wanabishana nani aliiona kwanza. Tuliingia Kisumu kwa wifi yangu na asilimia 20, tukachomeka, tukala samaki, tukalala.

Lakini barabara ile ile kwa kurudi si barabara ile ile. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kericho inakaribia 2,000, na Mau Summit iko juu zaidi. Gari, sisi wanne na buti la mama mkwe ni kama kilo 1,900. Kuuinua uzito huo mita elfu moja kunataka yuniti 5 na kidogo, kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Kwa petroli hatukuwahi kuligundua hilo. Injini ilinguruma zaidi kidogo, mshale ukashuka, tukaongeza mafuta tukapita. Safari hii Baba watoto aliandika hesabu nyuma ya bahasha na jibu likawa wazi: tukitoka Kisumu na 100, tutafika Kericho na nusu, na hiyo nusu haitufikishi Nakuru.

Kericho anaishi rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Mama yake alipofariki, miaka minne iliyopita, nilituma rambirambi kwa M-Pesa nikaandika "nitakuja." Sikuenda. Tangu hapo tumepita karibu na lango lake kila Desemba, kwenda na kurudi, tanki limejaa, Baba watoto akitaka kuvuka Mau Summit kabla ya ukungu. Ijumaa usiku, pale Kisumu, nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kumwomba mtu stima baada ya kumkosea hivyo kulinitia aibu. Mwishowe nikampigia, nikamwambia ukweli wote, wa gari na wa mama yake.

"Mwalimu," akasema, "njoo. Soketi ziko tatu."

Tulifika jana saa tano asubuhi na asilimia 49. Baba watoto alikunjua ekstensheni yetu nene yote hadi mwisho juu ya nyasi, maana ikiachwa imeviringishwa inapata joto. Aliikagua plagi baada ya dakika kumi, kisha baada ya ishirini, akiigusa kwa nyuma ya vidole. Ule usiku wa harufu haujamtoka. Watoto walibaki wakizilinda taa tatu za buluu juu ya dashibodi, ya kwanza imetulia, ya pili inapepesa.

Mimi niliingia jikoni. Alikuwa anachemsha chai ya maziwa, mgongo kwangu, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha akaanza mwenyewe. Alinieleza wiki zile za mwisho, jinsi mama yake alivyokataa kula ila uji wa wimbi, jinsi alivyouliza ng'ombe wamefungiwa hata alipokuwa hawatambui watu. Aliniletea picha. Nililia, naye akalia, chai ikafurika jikoni tukaicheka na machozi usoni. Nilimwomba msamaha. Aliniambia alikuwa akiona gari letu likipita, Desemba mbili zilizopita, akiwa pale dukani barabarani, akainua mkono. Sikumwona.

Saa tisa unusu nilitoka nje nikakuta taa ya tatu imeanza kupepesa. Asilimia 76. Mita yake ilikuwa imekula yuniti 10. Nilitoa pesa akazirudisha mfukoni mwangu kwa nguvu, uso umebadilika, nikaelewa nisirudie. Nikaenda kwenye buti nikatoa jogoo mmoja, yule mkubwa mwekundu. Hapo hakubisha. Alimpokea kwa mikono miwili.

Sachang'wan tuliteremka polepole, malori yamefuatana mbele yetu. Sipiti hapo bila kuikumbuka tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua zaidi ya watu mia moja, wengi wao wakiwa wamekuja na mitungi kuchota petroli iliyomwagika. Tulinyamaza sote hadi Salgaa. Tulifika nyumbani jioni na asilimia 25, chini ya sharti letu, nikachomeka hata kabla ya kushusha ndizi.

Leo baada ya kanisa nimempigia mama mkwe kumwambia jogoo wake mmoja amebaki Kericho. Nilitarajia anune. Aliuliza huyo rafiki ni nani, ana watoto wangapi, na kwa nini hajawahi kumsikia nikimtaja. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akasema kuna jogoo mwingine bado mdogo, mwenye madoa. Kufikia Pasaka atakuwa amekua.