Farasi 34, viunzi 30, na wewe una buku mbili: unamchaguaje?

Nikisema nabeti farasi watu wa kijiweni wanadhani naongelea wale wa kwenye skrini pale ofisi ya kubeti, wale wanaokimbia kila baada ya dakika chache kuanzia asubuhi mpaka watu wanafunga. Wale sio farasi jamani, ile ni kompyuta inachomoa namba. Usome usisome ni sawa tu, hakuna mguu unaouma pale, hakuna matope wala joki (mpanda farasi) aliyechoka. Mimi naongelea Grand National, ile ya Aintree kule Liverpool, Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Mbio zilianza 1839, zina kilomita karibu 7 na viunzi 30, na farasi 34 wanatoka kwa pamoja. Walikuwa 40, wakapunguza kuanzia 2024 na kiunzi cha kwanza wakakisogeza karibu na pa kuanzia ili wasifike pale wakiwa na spidi ya hatari, maana farasi wanaanguka na wengine wanakufa kabisa, na kama hiyo sehemu inakukera usiangalie, sikulaumu.

Sasa shida yetu hapa Dar ni kwamba akili imeshazoea mkeka wa mpira. Mechi ina majibu matatu tu, home, sare, away, unachukua odi za 1.25 unazirundika kumi unaita mkeka wa uhakika (unachanika kwa timu moja ya ligi ya Ureno lakini tuachane na hilo). Kwenye National anayependwa kuliko wote mara nyingi ana odi ya 8.00 hivi, yaani hata kampuni yenyewe inakwambia huyu bora kuliko wote akikimbia mara nane anashinda moja, na hapo bado hawajatoa cha kwao. Kwa hiyo ukianza kwa kuuliza "nani anashinda" umeshapotea njia. Mimi naanza na kalamu nyekundu, nakata majina, nauliza nani hawezi, na nikibaki na watano sita ndio naangalia odi.

Cha kwanza kabisa kukiangalia ni uzito, kabla hata ya jina. Hii mbio ni hendikapu, farasi mzuri zaidi anabebeshwa kilo nyingi zaidi ili wote wawe na nafasi. Uzito ni joki pamoja na tandiko, na ukipungua wanachomeka vipande vya madini ya risasi. Mfano mkubwa ni 1973. Kulikuwa na farasi anaitwa Crisp, wa Australia, mkubwa kweli, anaruka viunzi kama havipo, na alibebeshwa kilo 76. Nyuma yake kuna Red Rum kabeba kilo kama 66. Tofauti ni ule mfuko wa sembe wa kilo kumi mnaoununua dukani, sasa upandishe mgongoni uukimbize kilomita 7. Crisp aliongoza kwa umbali wa kutisha, watu walishamaliza habari, akaruka kiunzi cha mwisho bado yuko mbele mbali. Lakini pale Aintree kutoka kiunzi cha mwisho mpaka mstari kuna mita kama 450 tupu, hakuna kiunzi, ni pumzi tu, na Crisp pumzi hana, anayumba kabisa, Red Rum akamkuta hatua za mwisho mwisho akamshinda kwa chini ya urefu wa farasi mmoja. Wote wawili walivunja rekodi ya uwanja siku ile!! Halafu Red Rum akaja kushinda tena 1974, tena na zile kilo 76 kabeba yeye sasa, akawa wa pili 1975 na 1976, akashinda tena 1977. Mara tatu, na hakuna farasi mwingine aliyefikisha.

Na sisi Watanzania hiyo stori tunayo ya kwetu, ya binadamu. Filbert Bayi, Moscow 1980, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Alitoka mbele kama kawaida yake, maana ndivyo alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, mbele mwanzo mpaka mwisho, ila safari hii kwenye mzunguko wa mwisho Mpolandi Malinowski akamkuta, tukabaki na fedha. Fedha ya heshima kabisa, ila ndio hivyo. Viunzi vinakula nguvu ambayo huioni inaliwa. Ndio maana nikiona farasi anasifiwa "anapenda kuongoza" na amebebeshwa uzito mkubwa namkata bila huruma, hata awe na jina zuri vipi.

Lakini msije mkakata kila mwenye kilo nyingi, maana huo ni ushauri wa zamani. Wazee wa hizi mbio walikuwa wanasema aliyezidi kilo 70 mwache. Angalia miaka ya karibuni: Many Clouds 2015 alibeba zaidi ya 73, I Am Maximus 2024 alibeba 72 na ushee, Nick Rockett 2025 zaidi ya 73. Na huyohuyo Maximus 2025 ndiye aliyebeba uzito wa juu kuliko wote, akaja wa pili. Viunzi siku hizi vimelainishwa, farasi wenye klasi wanaletwa zaidi, kwa hiyo uzito peke yake haumuui farasi mzuri. Unamuua yule mwenye uzito ambaye hajawahi kuthibitisha anaweza kumaliza umbali mrefu. Mimi nataka nione ameshashinda au amemaliza kwa nguvu mbio za kilomita 5 kwenda juu. Kama rekodi yake yote ni ya mbio fupi fupi, kalamu nyekundu.

Halafu soma ile mistari ya fomu, watu wanaiogopa bure. Namba ni nafasi aliyomaliza, ya mwisho kulia ndiyo mbio ya juzi juzi. Herufi F ameanguka, U amemdondosha joki, P joki kamsimamisha njiani. Farasi mwenye F mbili tatu kwenye mbio za karibuni anataka viunzi 30 vya Aintree, acha utani. Umri chini ya miaka 7 hawaruhusiwi, na wa miaka 7 mwenyewe anashinda kwa nadra sana, Noble Yeats alifanya hivyo 2022 na kabla yake ilikuwa 1940. Majike hapana, samahani dada zangu, wa mwisho kushinda ni Nickel Coin 1951. Mimi ningependa ibadilike ila hela yangu haitangulii.

Makocha nao waangalie. Willie Mullins wa Ireland 2025 alichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote, na aliyempanda mshindi ni mtoto wake Patrick, ambaye ni joki wa ridhaa, halipwi. Baba analia kwenye TV. Nick Rockett alikuwa na odi ya 34.00, sio jina la mitaani, ila ukimsoma vizuri hakuwa wa kubahatisha.

Kuna mshkaji wangu wa Yanga yeye hasomi chochote, anachagua kwa jezi. JP McManus, tajiri wa Ireland, majoki wake wanavaa kijani na dhahabu, basi jamaa anasema hao ni wananchi. Tukacheka. Ila kiukweli jezi hiyo ilishinda 2010, ikashinda 2021 na Minella Times, siku Rachael Blackmore alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda, ikashinda na 2024. Tatizo ni kwamba McManus huwa anaingiza farasi kadhaa kwa mpigo wamevaa vilevile, wanatofautishwa na kofia, kwa hiyo jezi peke yake haikufikishi.

Kuhusu hela. Usiiweke yote kwenye kushinda tu. Tafuta kampuni yenye dau la kugawa, nusu mshindi nusu nafasi, nafasi ikiwa nne za juu au zaidi. Weka buku mbili kwa odi ya 34.00, buku moja inakwenda kwenye ushindi na buku moja kwenye nafasi, na nafasi wanalipa moja ya tano ya faida. Akiwa wa tatu unapata 7,600, unatembea na 5,600 juu. Sasa fanya hivyohivyo kwa farasi wa odi 5.00, akiwa wa tatu unarudishiwa 1,800 kati ya elfu mbili zako, yaani ametimiza kila kitu na wewe umeliwa mia mbili. Kwa hiyo dau la kugawa ni la wenye odi ndefu, fevariti mwekee ushindi au mwache. Na usikimbilie kubeti mwezi wa pili kwa sababu odi imenona, farasi asipokimbia hela mara nyingi hairudi. Subiri Alhamisi ya wiki yenyewe orodha ya mwisho itoke, angalia na mvua kule imenyesha kiasi gani, maana kuna wanaopenda matope na kuna wasioweza kabisa. Kwa sasa wanaanza saa 12 jioni kwa saa zetu, muda upo.

Ndiyo, najua mtanitajia Foinavon. 1967, odi 101.00, farasi wote mbele wakarundikana kwenye kiunzi cha 23, yeye alikuwa mbali nyuma mno akapata muda wa kupita pembeni akashinda. Siwezi kukutafutia huyo, hata joki wake hakujua.

Mama mdogo yeye kila mwaka anataka wa kijivu, hana habari na kilo wala fomu. Nimemwambia mama, historia nzima wa kijivu walioshinda ni watatu tu, wa mwisho Neptune Collonges 2012, tena kwa pua. Akaniuliza 2012 mpaka leo ni miaka mingapi, akanitumia buku yake.