Bandama la baba mdogo

Kazi yangu ni kupiga ultrasound katika mji mmoja wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mgonjwa wa tumbo huwa namwanzia kwenye ini, ndivyo nilivyofundishwa. Siku alipopanda kitandani baba mdogo nilianzia kushoto, maana bandama lake lilikuwa limeshuka hadi usawa wa kitovu. Nilikuwa nimeshalipapasa kwa kiganja kabla hata sijapaka jeli.

Wiki mbili nyuma alitapika damu mtumbwini, usiku wa dagaa. Nyumbani walishakata shauri: kalogwa. Mimi kwenye skrini nikaona ninachokiona kila mwezi, mishipa ya ndani ya ini imezungukwa na kuta nyeupe nene. Mwaka 1904 daktari Symmers, aliyefanya kazi Misri, alifananisha makovu hayo na mabua ya viko vya udongo. Ni mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo yaliyonasa humo, na mwili umeyajengea kovu.

Chuoni nilikariri kwamba ini likiziba, damu inarudi nyuma na bandama linafura. Yaani bandama ni jirani tu aliyefurikiwa na mtaro wa mwenzake. Siku hizi simezi hilo lote. Damu itokayo kwenye bandama huingia moja kwa moja kwenye mshipa mkuu unaolisha ini, kwa hiyo kila linachokiachia, seli za kinga na protini kama TGF-beta inayochochea kovu, ini ndilo linakipokea kwanza. Kovu likinenepa, tishu zinakosa oksijeni, na protini nyingine, VEGF, inaita mishipa mipya ichipue. Ungedhani ni nafuu. Kumbe mishipa hiyo imejipinda, inavuja, na inaleta seli nyingine za kuwasha moto uleule. Katika majaribio kadhaa, panya walioondolewa bandama walipata kovu dogo zaidi kwenye ini. Jirani naye ana maji yake anayoyamwaga.

Nilimweleza baba mdogo hayo kwa maneno ya mitaro. Akasikiliza, akasema, "Sasa si mlitoe tu, mwanangu?"

Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini asiye na bandama hushambuliwa vibaya na bakteria kama wale wa nimonia, na baada ya upasuaji damu inaweza kuganda kwenye mshipa uleule unaolisha ini. Panya wa maabara harudi ziwani kesho yake. Basi akafungwa kwa vipira mishipa ya umio iliyovimba na kumtapisha damu, kupitia endoskopi, kamera inayoingizwa kooni, akapewa propranolol ya kushusha presha ya mshipa wa ini, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Kovu lenyewe bado lipo.

Kila baada ya miezi sita anavuka na kivuko, anajilaza, anapandisha shati mwenyewe. Haulizi habari za ini. Anauliza, "Huyo jirani leo anasemaje?"